Diwani Ana Viti Viwili

Mafuta ya dizeli yalipopanda bei duniani katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, wawekezaji wa Ulaya waliuona mbono. Watu wa pwani ya kusini walikuwa wameujua mmea huo tangu zamani. Huoteshwa uwe ua wa nyumba au alama ya kaburi, ndiyo maana wengine huuita mbono kaburi, na mbuzi hawaugusi. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mafuta yale yanaweza kuendesha injini. Kampuni ya Kiholanzi iitwayo Bioshape ikafika Kilwa, mkoani Lindi, kutafuta ardhi ya kupanda mibono, ikapata hekta zinazokaribia 34,000 kutoka vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Eneo hilo ni kubwa kuliko kata nyingi za nchi hii, na sehemu kubwa yake ilikuwa msitu.

Ardhi ya kijiji haitolewi kwa mwenyekiti kutia sahihi chini ya mwembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka ardhi ya kijiji ihawilishwe kwanza, iwe ardhi ya jumla, ndipo mwekezaji kutoka nje apewe haki ya kuitumia. Eneo likizidi hekta 250, neno la mwisho ni la waziri, lakini mkutano mkuu wa kijiji lazima ukae na kutoa maoni yake kabla. Mikutano ilikaa. Kampuni ikalipa fidia. Fidia ile ilipogawanywa, vijiji vinne vilipata asilimia 40, na asilimia 60 ikabaki Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa.

Sijaona kifungu cha sheria ya ardhi kinachosema kwamba halmashauri ina fungu katika fidia ya ardhi ya kijiji, sembuse fungu kubwa kuliko la kijiji chenyewe. Hata hivyo mgawo ulifanyika, miti ikafyekwa kwenye shamba la majaribio, na kufikia mwaka 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Mibono haikuendesha gari la mtu. Vijiji vikabaki na swali ambalo mpaka leo ni gumu kulijibu kokote nchini: ardhi iliyokwisha kuhawilishwa kuwa ya jumla, mwekezaji akiondoka, inarudije kwa wenyewe? Sheria iliweka njia ya kwenda, ya kurudi haikuionyesha waziwazi.

Nimeanza na mibono kwa sababu inatuonyesha alipokaa diwani vizuri kuliko ufafanuzi wowote wa kitabu cha uraia. Kila kimoja cha vijiji vile kilikuwa katika kata, na kila kata ilikuwa na diwani wake. Diwani huyo ni mtu wa kwao, kura zake zimetoka kwa watu walewale waliokaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Na huyohuyo ni mjumbe wa halmashauri iliyobaki na ile asilimia 60. Sizungumzii walichokisema au walichokinyamazia madiwani wa wakati ule. Nazungumzia viti. Diwani ana viti viwili, kimoja kijijini na kimoja Kilwa Masoko yalipo makao makuu ya wilaya, na siku fedha inapoingia, viti hivyo hutengana.

Kwa maandishi, kazi yake ni rahisi kuieleza. Anachaguliwa na kata kila baada ya miaka mitano, siku moja na rais na mbunge, tofauti na mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji ambao uchaguzi wao hutangulia kwa mwaka mmoja. Lazima awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama cha siasa. Anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wajumbe wake ni pamoja na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kila robo mwaka anakwenda kwenye Baraza la Madiwani. Huko anapitisha bajeti na sheria ndogo, anapokea taarifa za kamati, anamhoji mkurugenzi na wakuu wa idara. Mwenyekiti wa halmashauri huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi huteuliwa na rais.

Hapo kwenye mkurugenzi ndipo panapotakiwa kusimama kidogo. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982, inayohusu wilaya, inalipa baraza mamlaka juu ya mipango na fedha, na Katiba kwenye ibara ya 145 na 146 inasema shabaha ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini anayeshika daftari la hundi, anayewapangia kazi watumishi, anayejua lini fedha imeingia na imetoka kwa fungu lipi, ni mtu ambaye baraza halikumwajiri. Diwani mwenye elimu ya darasa la saba, aliyetoka kwenye kata ya bara alikoacha ufuta haujapaliwa, hukabidhiwa kabrasha la bajeti lenye kurasa mamia, aulizwe kama ana hoja. Wapo wenye hoja. Nimewahi kumsikia mmoja akiuliza swali la fungu moja tu, mafuta ya gari la idara fulani, na ukumbi mzima ukachangamka, kwa sababu alikuwa ameshika kitu kinachoshikika. Huo nao ni ujuzi, na hakuna semina inayoufundisha.

Wapo pia madiwani wa viti maalumu, wanawake wasiopungua theluthi, ambao watu husahau kuwataja. Hawana kata yao ya kuongoza, lakini hutarajiwa kuzunguka kata nyingi kuliko wenzao waliochaguliwa moja kwa moja. Ukitaka kujua vikundi vya akina mama vimepata mkopo au havijapata, usianze kwa diwani wa kata. Muulize yule wa viti maalumu. Mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho cha katikati wao ndio waliokuwa wakisimamishwa njiani.

Watu wa Kilwa wana sababu ya kihistoria ya kumtazama kwa jicho la pembeni mtu anayesimama kati yao na wilaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja kwenye sehemu za pwani na nyuma yake. Kila mtu mzima alipangiwa siku za kulima. Mapato yalipangwa kugawanywa mafungu matatu: la waliolima, la jumbe aliyewasimamia, na la Kommune, mfuko wa wilaya. Aliyekuwa na jembe mkononi alikuwa mmoja wa watatu, na fungu lake lilipofika mikononi mwa watu wengi lilikuwa dogo kiasi cha kutukana. Umatumbini, juu ya jumbe kulikuwa na akida, mtu wa kuletwa, mwenye askari, ambaye hakuwa na ukoo wowote pale mlimani.

Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa mashina ya pamba. Vita vya Majimaji vilianza hapo, kwenye vilima vya Matumbi, ndani ya wilaya inayoitwa Kilwa hadi leo. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa maji ya dawa kule Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, kabla vita havijafika hata nusu ya nchi vilikoenea baadaye. Tunapovisimulia tunapenda kusema juu ya dawa na ushujaa. Hesabu ya mafungu matatu tunaisahau, nami nadhani ndiyo iliyokuwa ikiongelewa usiku nyumbani kwa watu.

Waingereza waliwaondoa maakida baada ya mwaka 1925 na kuweka utawala wa kupitia wenyeji, ingawa pwani ya Kilwa haikuwa na machifu wa kuwaelekeza, hivyo maliwali na majumbe wakaendelea na kodi. Uhuru ukaja, machifu wakafutwa 1963. Mwaka 1972, chini ya sera iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zenyewe zikafutwa, na maofisa wa serikali kuu wakashika kazi zake. Ni katika kipindi hicho, 1975, sheria ya vijiji ilipopitishwa na vijiji vya Lindi, vingi vikiwa vimehamishwa na kukusanywa upya miaka miwili mitatu nyuma, vikaandikishwa na kupewa serikali zao. Halmashauri za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984.

Kwa hiyo kijiji, kama chombo cha kisheria, kimekaa muda mrefu kuliko halmashauri ya sasa inayokisimamia. Kina mkutano mkuu ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake, kina halmashauri ya kijiji ya watu 15 hadi 25, na kwa ardhi yake ndicho msimamizi. Diwani hana amri juu ya mkutano huo. Akifika, anafika kama mgeni rasmi au mkazi. Wengi wa wapiga kura hawalijui hilo, na baadhi ya madiwani wanafurahi kuona halijulikani.

Lakini iko nguvu moja ambayo diwani anayo juu ya kijiji, na hii si ndogo: sheria ndogo za kijiji hazianzi kazi mpaka baraza la madiwani lizipitishe. Hapa tugeukie msitu, maana Kilwa ina somo la msitu ambalo wilaya nyingine zimekuja kujifunza.

Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, kusini kukawa karibu na Dar es Salaam kwa mara ya kwanza katika maisha ya watu. Magari ya mbao yakaanza kupishana usiku. Mninga, mkongo, mpingo, kila kilichokuwa na soko kilikatwa. Shirika la TRAFFIC lilichapisha ripoti mwaka 2007 iliyoonyesha kwamba serikali kuu na za wilaya zilikuwa zikipoteza hadi asilimia 96 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa kwenye biashara hiyo, na kwamba viongozi wa ngazi mbalimbali, vijijini hadi juu, walikuwa na mkono ndani yake. Kijiji chenye msitu kilipata kiasi gani? Pengine madawati machache, pengine chakula cha kamati siku mfanyabiashara alipokuja kujitambulisha.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imefungua mlango mwingine: kijiji kikitenga msitu wake, kikaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kikapitishiwa na halmashauri ya wilaya, msitu unakuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji na mapato ya uvunaji ni ya kijiji. Asasi ya Mpingo Conservation and Development Initiative, yenye makao Kilwa Masoko, ilivisaidia vijiji kupita mlango huo. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikawa ya kwanza Afrika, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, kupata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Mpingo ule ambao huko Ulaya huchongwa klarineti na oboe, na ambao huhitaji umri wa mzee ili ukomae, ukaanza kuuzwa na kamati ya maliasili ya kijiji, kwa bei iliyoandikwa, kwa risiti. Baadaye Nanjirinji, kilichotenga mojawapo ya misitu mikubwa ya vijiji nchini, kikaanza kupata fedha ambazo mkutano mkuu wake ulijadili namna ya kuzitumia. Wilaya hupewa sehemu ndogo.

Sasa fikiria ukumbini Kilwa Masoko siku sheria ndogo za msitu wa kijiji zinapoletwa kupitishwa. Kabla yake, ushuru wa mbao wa eneo lile ulikuwa kwenye kapu la halmashauri, hata kama kapu lilikuwa na tundu. Baada yake, ni wa kijiji. Diwani anayenyoosha mkono kuunga mkono anapunguza mapato ya chombo ambacho yeye ni mjumbe wake, chombo kinachosubiriwa kumalizia zahanati kwenye kata yake hiyohiyo. Na diwani wa kata isiyo na msitu, tuseme ya mwambao yenye wavuvi tu, anaunga mkono ili iweje? Kwamba zilipitishwa, kijiji baada ya kijiji, ni jambo ambalo sifa yake hupewa asasi na wafadhili. Mimi ningeigawa sifa hiyo na wale waliokaa ukumbini wakakubali kupata kidogo.

Mahesabu kama hayo yanarudi kwa sura nyingine baharini. Gesi iligunduliwa kisiwani Songosongo mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam 2004 kwa bomba lililopita chini ya bahari hadi Somanga na kuendelea kaskazini. Sheria ya Fedha ya Serikali za Mitaa, kwa miaka mingi, iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni zinazofanya kazi kwenye maeneo yao. Kwa Kilwa, gesi ikawa chanzo ambacho wilaya jirani hazina. Songosongo ni kata, ina diwani wake. Akiingia barazani ni mmoja kati ya zaidi ya ishirini. Kisiwa kinaona visima na mitambo kila asubuhi, kinahesabu kwamba fedha inatoka kwake. Mtu wa Kipatimu au Miguruwe, aliye juu bara na ambaye gesi hajawahi kuiona, anahesabu kwamba wilaya ni moja. Wote wawili wana haki. Diwani wa kisiwani, akitaka jengo moja la shule, inambidi aombe kura za watu ambao kila mmoja ana boma lake linalosubiri mabati.

Boma lenyewe ni habari. Tanzania nzima, na Lindi kwa namna ya pekee, kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote kwa urefu lakini kila mtu anaujua: wananchi huanza, serikali humalizia. Kitongoji kinachanga, kinafyatua tofali, kinachimba msingi, kinanyanyua ukuta hadi lenta. Hapo kinasimama kumngoja mkurugenzi apaue. Majengo haya huitwa maboma, na ukisafiri kutoka Somanga kwenda Lindi utayaona, mengine yameota mipapai ndani. Kila boma ni hoja ya diwani. Ndilo alilolihimiza yeye, pengine alitoa mifuko kumi ya saruji kutoka mfukoni mwake mwaka wa kwanza wa udiwani. Likikaa mvua nne bila bati, watu hawamkumbuki mkurugenzi.

Ndiyo maana mfuko wa diwani hauna zipu. Mtu akifa, sanda inaangaliwa kwake. Kuna maulidi, kuna mtoto amefaulu kwenda sekondari ya bweni hana godoro, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya rufaa ya Sokoine pale Lindi na gari la wagonjwa halina mafuta. Bibi kizee anamshika mkono baada ya mazishi, anamwita "Mheshimiwa mwanangu", na diwani, aliyemwamkia shikamoo dakika moja iliyopita, anajua kwamba lile neno la pili ndilo lenye uzito. Mtu humkatalia mpiga kura. Mama hamkatalii. Posho yake ya mwezi ilikuwa ikitoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, hivyo alimsubiri mkurugenzi ambaye yeye diwani ndiye anayepaswa kumsimamia, mpaka mwaka wa fedha 2021/22 serikali kuu ilipotangaza kuilipa moja kwa moja kwa halmashauri nyingi. Hilo limemwondolea aibu moja. Deni la dukani limebaki.

Ajabu ni kwamba matarajio yanakua wakati vifaa vyake vya kazi vinapungua. Barabara za vijijini zilikuwa chini ya halmashauri, mwaka 2017 zikapelekwa kwa wakala wa serikali kuu, TARURA. Maji ya vijijini yakapelekwa kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Wataalamu wa barabara na maji hawaliwajibikii tena baraza kwa njia ileile ya zamani, ingawa huja kutoa taarifa. Huenda kitaalamu ni bora. Wahandisi wamekusanywa mahali pamoja na fedha haipotei kwenye makapu madogo. Lakini mwananchi wa Njinjo ambaye njia yake imekatika hapigi simu TARURA. Hana namba ya TARURA. Ana ya diwani.

Mafuriko ya Januari 2020 yaliyovikumba vijiji vya Kilwa na Lindi, kisha kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara kuu eneo la Somanga na kuitenga mikoa ya kusini kwa siku kadhaa, yalionyesha kazi ya diwani ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Barabara ile kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, haimhusu hata kidogo. Maafa yanaratibiwa na mkuu wa wilaya. Lakini orodha ya nyumba zilizoanguka huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, hupita kwa mtendaji, na diwani ndiye anayelaumiwa kwa jina lililorukwa na kwa jina lililoongezwa. Unga ukija pungufu, inabidi awepo pale unapogawiwa. Asipokuwepo atasikia habari zake kwenye kampeni.

Na kuna ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji kwenye ardhi oevu ya Ihefu na bonde la Usangu, kule Mbarali mkoani Mbeya, ili kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wengi walielekezwa Lindi, Kilwa ikiwemo. Wasukuma na Wabarabaig wakaja na mifugo yao kwenye wilaya ambayo wenyeji wake wengi, Wamatumbi, Wangindo, Wamakonde, Wamwera, Wamachinga, hawakuwa wafugaji wa ng'ombe wengi, kwa kuwa mbung'o waliwazuia mababu. Uamuzi ulitoka juu kabisa. Madhara yake yalishuka hadi kwenye shamba la ufuta la eka tatu.

Ng'ombe wakila ufuta wa mtu usiku, mwenye shamba haendi kwanza polisi. Anakwenda kwa mwenyekiti, kisha kwa diwani. Tathmini inafanywa na bwana shamba, bei inajadiliwa, mfugaji analipa au halipi. Mfugaji naye ana kadi ya kupigia kura siku hizi, watoto wake wamezaliwa hapa, na faini zake zimechangia ujenzi wa zaidi ya darasa moja. Diwani akimtetea, ataambiwa amekula ng'ombe. Asipomtetea, kijiji kinaweza kuamka na mikuki. Dawa ya kisheria ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji: hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, njia ya kwenda mtoni ipite hapa. Mpango huo unagharimu fedha, unahitaji wapimaji kutoka wilayani, na lazima mkutano mkuu uukubali. Vijiji vilivyotenga msitu vingi vinao, kwa sababu asasi zilisaidia. Vilivyobaki hutegemea diwani wao aling'ang'anize fungu kwenye bajeti. Ukiniuliza diwani ahukumiwe kwa lipi, sitataja zahanati. Nitauliza ni vijiji vingapi vya kata yake vimepata mpango huo, na kama njia ya ng'ombe imechorwa na wafugaji wakiwapo au wakiwa hawapo.

Siasa za vyama zimepita juu ya haya yote kwa kishindo chake. Mwaka 2015 majimbo yote mawili, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini, yalichukuliwa na chama cha upinzani cha CUF, na kwa miaka mitano wilaya ilijua ladha ya kuwa na viongozi wa rangi tofauti na serikali kuu. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, viti vya vijiji vikabaki karibu vyote kwa chama kimoja. Baraza la sauti moja hupitisha ajenda haraka na watu hurudi mapema. Ubishi uliokuwa ukisikika ukumbini huhamia kwenye vikao vya chama, ambavyo mwananchi haruhusiwi kukaa nyuma akasikiliza.

Barazani, kikao cha kila robo mwaka hutanguliwa na taarifa za kata. Kila diwani anasimama, anasoma: wanafunzi walioripoti, chanjo, mapato yaliyokusanywa, miradi ilipofikia. Ni wakati wake. Lakini karatasi anayoisoma imeandikwa na mtendaji wa kata, mwajiriwa wa mkurugenzi, na imepitia mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Diwani makini huipeleka kwanza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa vijiji waisikie kabla haijaondoka. Asiye makini huiona kwa mara ya kwanza akiwa kwenye basi.

Msimu wa ufuta, minada inapoanza na wakulima wanapeleka magunia kwenye vyama vyao vya msingi vya ushirika, AMCOS, vilivyo chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao, swali hubadilika likawa moja kwa kata zote. Kila kilo inayouzwa inakatwa ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na fedha hiyo hukaa halmashauri. Mwongozo wa muda mrefu unataka asilimia 20 irejeshwe vijijini, na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali ameandika mara nyingi kwamba halmashauri hazirejeshi kikamilifu. Mkulima haisomi ripoti ya Mkaguzi. Ana stakabadhi yake ya mnada mfukoni, makato yameandikwa mstari kwa mstari, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji anaweza kuitoa na kuusoma mstari wa ushuru kwa sauti, diwani akiwa amekaa mbele kwenye kiti alichopewa, kisha akauliza kijiji kimerudishiwa shilingi ngapi.